Mlango wa Siku ya Arobaini

Tuseme palikuwa na nyumba. Usiulize mji gani, maana mji wenyewe ulishasahau jina lake, na wenyeji wakiulizwa kwao ni wapi walielekeza kidevu tu, kule, na muulizaji akaondoka ameridhika. Nyumba ilikuwa ndefu kwa ndani kuliko kwa nje. Mtu aliyeipita barabarani aliimaliza kwa hatua kumi na mbili. Aliyekaa ndani hakuimaliza.

Ndani yake alikuwamo Sikudhani, mzazi, tena wa uzazi wa kwanza, na binti yake, na siku yao ilikuwa ya thelathini na tisa.

Jana pia ilikuwa ya thelathini na tisa. Na juzi.

Kwa watu wa nyumba ile mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, hachoti maji, hapulizi hata moto. Anakandwa kwa maji yenye mvuke, ananyweshwa uji wa pilipili manga, tumbo linafungwa kwa kanga mpaka pumzi inaomba ruhusa. Siku ya arobaini mtoto hunyolewa nywele za tumboni, hutiwa wanja, hutolewa nje akalione jua, na pale kizingitini ndipo hupewa jina. Kabla ya hapo huitwa Mgeni, awe wa kike awe wa kiume, kwa sababu bado hajaamua kukaa.

Shida ilikuwa hesabu. Mgeni alizaliwa magharibi, jua likiwa nusu limezama nusu linaaga. Kila jioni Bi Kazija, mavyaa wa Sikudhani, mamake mumewe, alishuka kutoka ghorofani akigongagonga fimbo kwenye ngazi, akamkuta Bi Mize mkandaji, mwanamke mzee mwenye vidole vigumu kama kamba za kitanda, amekaa chini ya ukuta wenye mistari ya mkaa.

"Leo ngapi, Mize?"

"Leo arobaini, Bi Kazija. Kichwa kilitoka jua likionekana."

"Kichwa! Kichwa kinasimama? Mtu huhesabiwa kwa miguu, na miguu ilitoka giza limeshaingia. Leo thelathini na tisa."

"Mimi ndiye niliyempokea."

"Na mimi ndiye mwenye mjukuu."

Na sheria ya nyumba ilisema siku yenye ubishi haihesabiwi. Basi Bi Mize alilamba kidole gumba, akafuta mstari mmoja wa mkaa, wakaagana kwa heshima zote, nakutakia usingizi mwema, nawe pia. Asubuhi akachora mstari mpya. Jioni wakabishana.

Siku hazikuongezeka. Mtoto aliongezeka.

"Ana meno manne, Bi Mize," Sikudhani alisema, akikandwa mgongo.

"Wengine huzaliwa nayo."

"Anatambaa. Jana kanivutia kikombe cha uji."

"Ana haraka huyo. Kamfuata babake. Inama."

Sikudhani akainama. Alikuwa mwepesi wa kuinama, na hilo aliliona mwenyewe, akalitia moyoni kama mtu anayeficha sindano kwenye upindo wa kanga.

*

Kabla ya tumbo alikuwa akisoma masomo ya jioni. Darasa lilikuwa la watoto wa mchana, na wao watu wazima waliketi kwenye viti vidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu, fundi seremala, mpishi wa hoteli, wajane wawili, na yeye. Mwalimu alipitisha kopo la maziwa lenye vikaratasi. Kila mmoja achukue neno lake moja, alifuate katika kila kitabu atakachosoma, aandike linakokwenda. Wenzake walipata makubwa, mapenzi, kifo, safari. Sikudhani akafungua kikaratasi chake akakuta *mlango*.

"Pole, dada," alisema yule seremala. "Ukishaandika bawaba na misumari, umemaliza."

Darasa likacheka, naye akacheka nao. Lakini alilifuata lile neno. Ajabu ya neno la kila siku ni kwamba halijifichi, na kwa kuwa halijifichi hakuna anayelitafuta. Alilikuta kwenye hadithi za watoto, kwenye nyumba yenye vyumba saba ambamo sita vinaruhusiwa, na msichana akapewa funguo zote saba, kana kwamba aliyempa hakujua atafanya nini. Alilikuta kwenye mashairi ya mapenzi, ambamo mtu husimama nje beti kumi na mbili nzima, mvua inamnyeshea, na hakuna mshairi hata mmoja anayemwambia asukume. Kwenye maombolezo kaburi ni nyumba isiyo na mlango. Katika vitabu vya zamani sura yenyewe iliitwa hivyo, msomaji akaingia wa kwanza akatokea wa ishirini bila kuinuka alipoketi. Mabaharia waliyaita hivyo maji membamba yanayopita kati ya nchi mbili. Waganga waliyaita macho na masikio na pua na ulimi na ngozi, milango mitano ambayo ulimwengu huingia bila kupiga hodi. Na wakwe walipokuja kuposa, neno la kwanza kuuliza lilikuwa hilohilo, huyu binti ni wa mlango gani, wala hawakutaka kujua anaishi wapi, walitaka kujua alitoka tumbo la nani.

Alijaza daftari zima. Usiku akirudi nyumbani alihisi kama mtu aliyegundua kwamba sufuria yake kuukuu ni ya fedha. Hakuona wakati ule jambo moja, akaja kuliona ndani ya nyumba hii, mtoto kifuani, daftari magotini. Katika vitabu vyote hivyo anayefika mlangoni ni mtu anayekuja. Mpenzi anakuja, mjumbe anakuja, jeshi linakuja na magogo ya kubomolea. Aliyeko ndani huelezwa kwa mstari mmoja, kwamba alifungua, au alikataa kufungua. Hakuna aliyekaa naye ndani. Hakuna aliyeandika anavyopumua.

Neno likiwa na maana kumi, ni nani humgawia mtu ile moja? Nani alisimama na kopo?

*

Mchana wazee wakilala, Sikudhani alimbeba Mgeni kiunoni akatembea ndani ya nyumba. Milango ilikuwa mingi. Yote ilifunguka kwa kidole, na yote ilielekea ndani zaidi.

Alifungua mmoja akakuta wanaume wamekaa safu kwa safu kwenye mikeka, wote na sikio la mumewe Vuai, lile sikio lililotoka nje kidogo kama linasikiliza majirani. Walikuwa wengi mpaka wa nyuma hawakuwa na nyuso, walikuwa masikio tu. Wakamtazama mtoto. "Wetu," wakasema. "Na mama?" akauliza. Wakageukiana, wakashauriana muda mrefu, kisha wa mbele akasema kwa upole, "Mama ndiye aliyemleta." Akafunga.

Alifungua mwingine akakuta maji. Yalipita kwa kasi kati ya kuta mbili, membamba, ya kijani, na ng'ambo alisimama msichana ameshika daftari chini ya kwapa, anachelewa darasani. Sikudhani alimjua kwa ule mshono wa begani uliofumuka, ambao hakupata kuushona. Akamwita. Msichana akatazama saa ya mkononi, akaenda zake. Si kwamba hakusikia. Alikuwa na haraka, na sauti ya mwanamke mwenye mtoto haikuwa bado sauti inayomhusu.

Chumba cha mwisho alichokifikia kilikuwa na matundu matano ukutani, kila moja la ukubwa wa ngumi. Kwenye moja aliweka pua akapata harufu ya vitumbua vya barabarani, mafuta yakiwa yamechoka kidogo. Kwenye jingine alitia sikio akasikia mwanamke anamtukana mbuzi. Akatia ulimi, chumvi. Akatia macho, weupe. La tano akapitisha mkono mzima mpaka begani, na huko nje mvua ya jua ikamnyeshea vidole. Alisimama hivyo, shavu ukutani, mkono wake ukiwa huru, yeye hayuko nao. Mgeni akanyoosha kimkono chake naye. Hakikufika.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia siku ya kujifungua.

*

Vuai alileta chakula kila adhuhuri, akakipitisha kwenye dirisha lenye nondo. Alikuwa mume mzuri, hilo lisemwe. Alichambua miiba ya samaki mwenyewe. Lakini hesabu ya siku kwake ilikuwa jambo la akina mama, na alilisogelea kama anavyosogelea moto wa watu wengine.

"Leo ndiyo leo, mke wangu?"

"Muulize mama yako."

"Kasema kesho."

"Kesho yako inatafuna nyama, Vuai. Mtazame." Akamwinua mtoto dirishani. Mgeni akamshika baba yake pua.

"Mashallah. Kakua."

"Umeshafikiria jina?"

Vuai alijikuna kidevu. Ndevuni alikuwa na mvi mbili ambazo asubuhi hazikuwapo. "Nililifikiria la mtoto mchanga," alisema. "Sasa sijui kama litamtosha."

"Sukuma basi huo mlango."

"Komeo liko ndani."

"Najua liko wapi."

"Vumilia, mama. Siku moja tu." Na alisema kwa mapenzi, tena mapenzi ya kweli, na hayo ndiyo yaliyomfunga Sikudhani kuliko komeo lenyewe. Mtu akikutesa unajua pa kumwekea mguu. Akikubembeleza unafanyaje?

*

Jambo lilibadilika asubuhi moja ya thelathini na tisa. Mgeni alijivuta kwa ukingo wa kitanda, akaachia, akasimama dede katikati ya chumba, mikono juu kama anayesalimu amri, akicheka.

"Dede, dede!" Sikudhani akapiga makofi. "Bi Mize, njoo uone!"

Bi Mize aliyekuwa akitwanga manjano aliuacha mchi ukaanguka. Alivuka chumba kwa kasi ambayo mtu wa umri wake hukopa mahali, akamnyakua mtoto kabla hajainua mguu, akaketi naye chini amembana.

"Usimpigie makofi," alisema. "Usimwite aje. Umenisikia? Usimnyooshee mikono."

"Kuna nini?"

"Mtoto ambaye hajatolewa, akipiga hatua ya kwanza humu ndani, hatoki tena. Nyumba humwona ni wake. Milango hii yote unayoifungua mchana ukidhani nimelala, humfungukia maisha yake yote, isipokuwa ule wa mbele."

Sikudhani akacheka, cheko fupi. "Hadithi za kututisha hizo, bibi."

Bi Mize hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea pembeni mwa chumba, pale penye mkeka uliochanika. "Mimi yangu ilikuwa pale. Mama yangu alinipigia makofi. Alifurahi kweli, maskini. Nakumbuka meno yake." Akamfuta mtoto udenda kwa ncha ya kanga. "Na mimi nilizaliwa magharibi, na hili jina la Mize nimeliazima tu, sikupewa kizingitini. Walibishana vilevile, mmoja wao alikuwa akiitwa Bi Kazija, sijui kama ni huyuhuyu. Miaka mingapi? Sijui, mwanangu. Nina siku thelathini na tisa."

Kwa mara ya kwanza Sikudhani aliona kwamba kipande cha ngozi chini ya nyayo za yule mzee kilikuwa laini, cheupe, kama cha mtoto aliyeogeshwa sasa hivi.

*

Tangu hapo hakumweka chini. Alikula amembeba, alisali amembeba, alikandwa amembeba. Mtoto alikuwa mzito wa furaha. Hata usingizini miguu yake ilitembea, na Sikudhani akaisikia mbavuni, hatua, hatua, hatua, akihesabu yeye sasa, akiomba zisiguse sakafu. Siku ya kwanza mkono wa kushoto ukafa ganzi. Siku ya pili wa kulia. Zote mbili zilikuwa siku ya thelathini na tisa.

*Nimekuwa mlango,* aliandika kwenye daftari kwa herufi za mkono mmoja. *Nimesimama kati ya mtoto na sakafu. Nikichoka nafunguka.* Akaifuta. Haikuwa kweli. Mlango hauumwi mabega. Kuna saa neno zuri linamwibia mtu maumivu yake, linayavisha nguo, linayapeleka harusini. Yeye alitaka maumivu yake yabaki pale pale, yamwambie la kufanya.

Adhuhuri ya siku ya tatu, Bi Kazija akikoroma ghorofani, Sikudhani alikwenda hadi mlango wa mbele. Mbao mbili nzito, na katikati komeo, gogo zima la mti lililolala kwenye vishikio viwili usawa wa mabega. Alijaribu kuliinua kwa mkono mmoja. Likapanda upande mmoja, upande wa pili ukakaza. Alijaribu kwa mkono na bega. Kwa mkono na kichwa. Likarudi mahali pake kwa mlio mdogo wa kuridhika.

"Linataka mikono miwili," Bi Mize alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama kivulini, kanga mdomoni. "Ndiyo kazi yake. Linataka umweke mtoto chini kwanza."

"Nishikie basi. Kidogo tu, bibi."

Bi Mize aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. "Nikimshika mimi na mlango uko wazi, sitamwachia. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Nimewapokea wengi. Huyu ndiye anayecheka nikimwimbia."

Hakusema kwa ubaya. Sikudhani alimshukuru kwa kumwambia.

Akaegemea ukuta. Jasho likamwingia machoni. Mgeni, kifuani, alikuwa amegeuza shingo kumtazama mende dirishani, akageuza upande huu kumtazama Bi Mize, akageuza tena kwa mende, shingo inayokwenda na kurudi kama ya kuku mwenye habari nyingi. Na Sikudhani akaitazama ile shingo. Alikuwa ameiosha kila siku, ameipaka mafuta, ameifuta jasho. Hakuwahi kuitazama. Alikuwa akitazama ukuta wa mkaa.

Akafungua kanga kiunoni, ile iliyofunga tumbo. Tumbo halikuanguka. Lilishajirudi zamani. Akainama, akamtupia Mgeni mgongoni kama alivyoona wanawake wote wa dunia wakifanya, akapitisha kanga chini ya makalio ya mtoto, akaivuta mbele.

"Sikudhani!" Bi Mize akashika kichwa. "Mtoto hajafika arobaini habebwi mgongoni! Shingo haijakaza, itavunjika!"

"Itazame, Bi Mize."

"Sheria..."

"Achana na mkaa. Tazama shingo."

Bi Mize akatazama. Ilimchukua muda, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyekufa. Mgeni, juu ya bega la mama yake, alimtazama naye akaona uso anaoupenda, akacheka meno yote manne. Hapana. Yalikuwa sita.

"Huyu," Bi Mize alisema polepole, "ana mwaka huyu."

"Na zaidi."

Sikudhani akafunga fundo. Akaweka mikono miwili chini ya komeo. Mgongo ulikuwa na uzito wake, mikono ilikuwa yake. Akainua. Kitu ndani ya bega kikalia, komeo likalia zaidi, likapanda, likatoka kwenye kishikio kimoja, kisha cha pili, na kugonga ukuta kwa kishindo.

Juu fimbo ikaanguka sakafuni. "Mize! Nani anagusa komeo?"

Bi Mize alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa hajamdanganya mtu, kwa sababu hajawahi kuwa na mahali pa kuuficha ukweli.

"Upepo, Bi Kazija," akasema. "Rudi ulale."

*

Mlango ulipofunguka, mwanga ulikuwa mwingi kiasi cha kuwa na sauti. Barazani Vuai alikuwa ameketi na sahani ya samaki mapajani, anachambua miiba. Akaruka, sahani ikaruka.

"Imefika?"

"Haijafika," Sikudhani akasema. "Tumefika sisi."

Akashuka kizingiti, hatua moja, mbili, tano, mpaka kwenye mchanga wa barabara. Akafungua fundo, akamteremsha mtoto kwa mbele taratibu, nyayo ndogo zikagusa chini. Akaachia.

Mgeni akasimama dede. Akatazama mchanga. Akatazama juu, akapiga chafya kwa jua. Vuai alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono wazi, machozi yanamshuka mvini, "Njoo, njoo kwa baba." Sikudhani naye akachuchumaa upande wa pili. Mtoto akawatazama wote wawili, kwa heshima, kama mtu anayekataa soda ya ugenini.

Kisha akageuka. Kule, katikati ya mlango uliobaki wazi, kwenye giza la ukumbi, Bi Mize alikuwa amesimama na kanga yake mdomoni. Mgeni akainua mguu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Alikuwa akirudi.

Sikudhani akainuka, akasita. Hatua ya kwanza ilikuwa imepigwa nje, nyumba haina haki naye. Lakini nani aliyewahi kuisomea nyumba sheria? Mtoto alikuwa akienda kwa aliyemwimbia, anayumba, anacheka, ya nne, ya tano, na kizingiti kiko mbele yake, jiwe la urefu wa kiganja.

"Usije," Bi Mize akamwambia. Sauti yake ilipasuka. "Rudi kwa mama. Rudi, mwanangu, mimi sina kitu huku."

Mgeni akanyoosha mikono kwake. Mguu ukagonga jiwe la kizingiti, akatangulia kwa kichwa.

Hakuna aliyemwona Bi Mize akiondoka alipokuwa. Vuai baadaye aliapa kwamba hakutembea. Waliona tu kwamba mtoto hakuanguka, kwamba alikuwa juu, kifuani, vidole vigumu kama kamba vimemshika, na kwamba yule mzee alikuwa amesimama mchangani juani, upande wa huku wa jiwe, anahema.

Kisha Bi Mize akatazama chini kwenye nyayo zake, akainua mmoja, akaushusha, akainua wa pili.

"Wee," alisema. "Mbona hamkuniambia panaunguza?"